Depo ya chakula kwa wanafunzi: mambo tuliyojifunza Bunia

(Maneno haya tuliyasema mjini Bunia, mbele ya wajumbe wa familia zilizohama na viongozi wa mitaa.)



Mmetuomba tuwaeleze habari za depo ndogo ya chakula tuliyoifungua pamoja na wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa mjini. Wengi wenu mlikimbia Djugu vita viliporudi Desemba 2017. Mliacha mashamba, ng'ombe na nyumba. Hata hivyo baadhi yenu mlijikaza kumlipia mtoto minervali. Sisi pia tulidhani mtoto akilipiwa, kazi imekwisha. Tulikosea.

Tulikuta wanafunzi wanaoingia darasani asubuhi bila kitu tumboni, na jioni watu watatu wanagawana sahani moja ya bugali na sombe. Kijana mmoja wa mwaka wa mwisho aliacha masomo akaenda Mongbwalu kuchimba dhahabu. Njaa inawapeleka wengine machimboni, na wengine inawapeleka porini kwa wenye silaha. Ndiyo sababu sisi, watu wa kazi ya amani, tumejiingiza katika mambo ya maharagi.

Wazo hili hatukulibuni sisi. Mwaka 1993 wanafunzi wa Michigan State University, huko Marekani, walifungua depo ya namna hii, ya wanafunzi kwa ajili ya wanafunzi. Kumbe hata katika nchi tajiri mwanafunzi analala njaa. Basi mtoto wako asione haya.

Tulianza na chumba kimoja chenye mlango imara na bati lisilovuja. Chini tulipanga mbao ili magunia yasiguse sementi, maana unyevu unaharibu unga. Maharagi makavu tuliyatia katika bidoni zinazofungwa vizuri, tukazijaza mpaka juu: wadudu wakikosa hewa wanakufa. Chakula kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza.

Mwezi wa pili karibu tufunge. Tulikuwa tumebandika ukutani orodha ya majina ya waliopokea, tukitaka watu waone kwamba hatufichi kitu. Lakini watu walisoma yale majina wakaanza kuhesabu: Wahema wangapi, Walendu wangapi? Siku mbili baadaye neno lilikuwa limefika sokoni kwamba depo ni ya kabila fulani. Na wale walioandikwa walichekwa na wenzao, wakaitwa waombaji. Wiki iliyofuata walikuja watu saba tu. Kosa lilikuwa letu.

Tuliiondoa orodha, tukakaa na wanafunzi wa pande zote kutwa nzima. Wao ndio waliotupa kanuni tunazofuata mpaka leo:

Kwanza, anayekuja anaonyesha kadi ya chuo tu. Haulizwi kabila wala kijiji.

Pili, kila mmoja anapewa namba. Majina yanakaa katika daftari moja linalofungiwa.

Tatu, ukutani tunabandika kilo, hatubandiki majina: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Yeyote anaweza kuja kupima.

Nne, mlango una kufuli mbili. Ufunguo mmoja unakaa kwa mwanafunzi wa jamii moja, wa pili kwa mwenzake wa jamii nyingine. Wanakamati hujipanga wenyewe kwa zamu: Mhema na Mlendu, Mualur na Mbira, Mnande na mwingine. Hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake.

Mwanzoni wenye zamu walikuwa wanafungua kimya, kila mtu anamchunga mwenzake. Siku moja mmoja alipata malaria. Mwenzake alipoona hakuja, alimfuata nyumbani, akampeleka kwenye kituo cha afya, ndipo akarudi na funguo mbili. Hakuna aliyemshuku. Hapo tuliona kwamba depo imeanza kufanya kazi yake.

Hatutawadanganya: kuna wiki chakula kinakwisha. Mama wauzaji sokoni wanatuachia kidogo jioni, makanisa yanachanga, wanafunzi wamelima mboga nyuma ya chuo. Lakini haitoshi, na msaada kutoka nje unakuja na kukatika.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Viongozi, msituletee majina ya watoto wenu ili wapite mbele. Mkifanya hivyo mara moja tu, ule uvumi utarudi. Wazazi, mkisikia neno juu ya depo, njooni mwone kilo ukutani kabla ya kulipeleka mbele. Na familia iliyovuna, hata kopo moja la maharagi linapokelewa. Asiye na kitu hadaiwi. Haba na haba hujaza kibaba.

Watoto hawa ndio watakaokuwa walimu na wauguzi wetu siku tutakaporudi vijijini. Afadhali wawe wamezoea kufungua mlango mmoja pamoja.