Kufunga au kutofunga: joto ndani ya giaboksi ya otomatiki

Msikilizaji, kusini-magharibi mwa jiji la Doha, nchini Qatar, lipo Eneo la Viwanda, ambalo wenyeji huliita Sanaiya. Mitaa yake hujulikana kwa namba, na humo zimejipanga gereji, maduka ya vipuri na makazi ya wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo Waafrika Mashariki. Katika gereji za aina hii, gari la otomatiki linalotetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu huweza kupewa tiba mbili: kukata waya mmoja kwa dakika chache, au kushusha giaboksi nzima. Gharama zinatofautiana sana, na joto hali kadhalika.

Kiini cha mambo ni toki konveta, chombo kinachokaa kati ya injini na giaboksi. Injini huzungusha pangaboi moja, pangaboi hilo husukuma oili, nayo oili huzungusha pangaboi la pili, mithili ya feni iliyowashwa inavyoizungusha feni isiyo na umeme. Ndiyo maana gari husimama gia ikiwa imeingia na injini isizime. Hata hivyo, pangaboi la pili hubaki nyuma kidogo, na nguvu inayopotea hapo hugeuka joto.

Kampuni ya Packard ya Marekani ilipata jibu mwaka 1949: klachi ndani ya konveta, inayozifunga pande zote mbili zizunguke pamoja. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, klachi hiyo ilirejea kwa kishindo. General Motors iliitumia katika giaboksi yake ya 700-R4 ya mwaka 1982. Ford, mwaka 1980, ilipita njia nyingine: konveta yake haikuwa na klachi, bali shafti nyembamba ilipita katikati na kubeba nguvu yote gari linapoingia ovadraivu.

Kwa nini ovadraivu? Kwa sababu katika gia hiyo injini huzunguka polepole huku ikibeba mzigo uleule. Konveta isiyofungwa huteleza zaidi, na oili huchemka. Mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 hivi za ziada hupunguza umri wa oili kwa nusu. Katika kiangazi cha Doha, ambapo hewa yenyewe hupita nyuzi 40, akiba ya baridi ni ndogo mno.

Konveta isiyo na kufuli si duni. Ina vipande vichache vya kuharibika, na kwenye vilima vya mchanga vya Khor Al Adaid, ambako gari huenda polepole kwa nguvu nyingi, hata yenye kufuli huwa imefunguka. Lakini inahitaji kipoza oili kikubwa zaidi.

Anayekata waya huondoa mtetemo, akaacha chanzo chake. Fundi mwangalifu huanza na oili: rangi yake, harufu yake, vumbi la klachi ndani yake. Klachi ikiwa imekwisha, konveta hubadilishwa.

Ujuzi huo unafaa nyumbani pia. Kwenye mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, au mteremko wa Mai Mahiu nchini Kenya, dereva mwenye mzigo azime ovadraivu na kushusha gia kabla ya kuanza kupanda. Injini italalamika kidogo, giaboksi itapona.