Kationi na Anioni Katika Pakiti ya ORS

Leo tutazungumza juu ya ORS, ile dawa ya unga tunayompa mtoto anayehara.

Siku moja mama alileta mtoto wa mwaka mmoja kliniki. Macho yalikuwa yameingia ndani, na mtoto alikuwa na kiu sana. Mama alikuwa amempa ORS, lakini pakiti ya lita moja aliikoroga yote katika kikombe kimoja cha chai, ili iwe na nguvu. Dada ya mtoto, mwanafunzi wa kidato cha pili, alisoma maandishi ya pakiti akaniuliza, "Sista, sodiamu na kloridi si ndizo zile ioni za somo la kemia?"

Ndizo hasa. Wewe pia ukizijua, hutarudia kosa la kikombe kimoja.

Tazama betri ya tochi. Upande mmoja una alama ya kujumlisha, upande mwingine una alama ya kutoa. Chumvi ya jikoni nayo ina pande mbili. Ukiikoroga katika maji, hutengana kuwa chembe ndogo zisizoonekana. Sodiamu imepoteza elektroni moja, basi ina chaji chanya: hiyo ni kationi. Kloridi imepata elektroni hiyo, basi ina chaji hasi: hiyo ni anioni.

Mwili unahitaji zote mbili. Sodiamu husaidia damu kushika maji. Potasiamu, kationi nyingine, husaidia misuli na moyo kufanya kazi. Bikaboneti ni anioni inayozuia asidi isizidi katika damu. Mtoto akihara, vitu hivi vyote hutoka pamoja na maji. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi.

ORS hurudisha kilichopotea. Katika lita moja, mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una milimoli 75 za sodiamu na 20 za potasiamu. Jumla ya chaji chanya ni 95. Upande wa pili kuna kloridi 65 na sitreti 10. Kila sitreti ina chaji hasi tatu, kwa hiyo 65 na 30 ni 95. Mizani iko sawa! Sitreti husaidia mwili kupata tena bikaboneti. Sukari ya glukosi haina chaji, lakini huisaidia sodiamu kupita kwenye utumbo, na maji hufuata nyuma.

Ukipunguza maji, mizani ya chaji itabaki, lakini chumvi na sukari zitazidi, na zitavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha. Mtoto atazidi kukauka. Ukizidisha maji, chumvi haitatosha.

Kwa hiyo, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Pima maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mimina unga wote. Usiongeze sukari, chumvi, soda wala maziwa. Kila anapohara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka 2 au zaidi apewe 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Yakipita saa 24, mwaga yaliyobaki na ukoroge mengine. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza pia vidonge vya zinki, ambayo nayo ni kationi. Hupewa kwa siku 10 hadi 14.

Mkimbize mtoto hospitali akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kukosa fahamu, akihara damu, macho yakiingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi.

Yule mtoto tulimkorogea ORS upya kwa kipimo, tukampa kijiko baada ya kijiko. Alasiri alikojoa, na mama yake akashusha pumzi. Pakiti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maji.