Saa ya Beit el Ajaib

Sisi wa Bomet twajua hasara ya kuchelewa. Lori la majani ya chai likiisha kuondoka kituoni, kikapu kilichojaa hakina mnunuzi siku hiyo.

Huko Unguja, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit el Ajaib mwaka 1883. Mbele yake ulisimama mnara wenye saa, na taa ya kuongozea merikebu. Mwezi wa Agosti 1896 Khalid bin Barghash alishika ufalme bila idhini ya Waingereza. Akaambiwa ashushe bendera kabla ya saa tatu asubuhi, tarehe 27. Akajibu kwamba haamini watapiga. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikalia. Haikufika saa nzima, na watu wake wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Yeye mwenyewe akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Hao 500, twadhani, wengi hawakuulizwa neno.

Mnara uliharibika vibaya. Mwaka 1897 ukajengwa mwingine, ukaunganishwa na jumba lenyewe. Saa za minara za siku zile huendeshwa na uzito wa chuma unaoshuka polepole, nao mtu hana budi kupanda kuuvuta juu tena, la sivyo saa husimama.

Siku ya Krismasi, 25 Desemba 2020, mnara huo ulianguka pamoja na sehemu ya jumba lililokuwa likitengenezwa. Wawili walikufa. Tuwaombee jamaa zao.