Dawa ya Macho Mchana wa Ramadhan

(Mazungumzo na vijana baada ya swala ya Alasiri, Nakuru. Yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)

 

Nimeambiwa nizungumzie "afya katika Ramadhan", na najua wengi mmetaraji habari za sambusa na mafuta mengi. Hayo mtayasikia kwa wengine. Mimi ni muuguzi wa macho, na kuna jambo moja limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Nitalisema hilo tu.

Mama mmoja jirani yetu hapa Bondeni, mtu mzima, alipasuliwa mtoto wa jicho mwezi wa Shaaban. Operesheni ilikwenda vizuri. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa akamtambua mjukuu wake akiwa mlangoni, akalia kwa furaha. Akapewa chupa mbili za dawa ya matone, moja ya kuua viini na moja ya kutuliza uvimbe, kila moja mara nne kwa siku. Kisha Ramadhan ikaingia. Mama wa watu akaihofia saumu yake. Mchana hatii kitu. Akisha kufuturu ndipo anatia matone matatu manne ya kila chupa kwa mpigo, eti kufidia. Siku chache baadaye ile ya kutuliza uvimbe akaiacha kabisa, maana ilikuwa yamwachia uchungu kooni. Jicho likawa jekundu, mwanga ukamchoma, naye akasema huu ni mtihani, nasubiri. Alipofikishwa kwa daktari ilikuwa wiki ya pili. Jicho lilibaki, lakini haoni tena kama alivyoona asubuhi ile ya bandeji. Na nyumbani kwake mna vijana watatu wa sekondari, Kiingereza wanakisoma bila shida. Hakuna aliyesoma kile kikaratasi cha dawa.

Basi tuanze na saumu, kwa sababu hapo ndipo alipokwama. Sisi wengi wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Katika madhehebu haya jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi ya kufika ndani ya mwili, na Imam Nawawi ameeleza kwamba mfungaji akipaka wanja saumu yake haiharibiki, hata akihisi ladha yake kooni. Mahanafi nao wanasema haiharibiki. Wamaliki na Mahanbali ndio wanaosema ikifika kooni inafunguza. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ile ya nchi za Kiislamu, ilipokaa kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997 ilitaja dawa ya matone ya macho katika vitu visivyofunguza, maadamu mtu atajizuia kumeza kile kitakachofika kooni. Kama bado moyo wako una shaka, muulize sheikh wako kabla ya operesheni, si baada. Na hata tukichukua kauli iliyo ngumu kabisa, Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Siku inalipika. Jicho je?

Sasa kwa nini dawa uliyotia jichoni uionje kooni? Tazama kwenye kioo, pembe ya jicho iliyo karibu na pua, utaona kijitundu kidogo kwenye ukingo wa kope. Hicho ni mfereji wa machozi, nao unamwaga puani. Ndiyo maana ukilia unapenga kamasi. Dawa nayo hupita huko huko. Lakini dawa hii inaweza kuzuiwa, na njia yake ni rahisi mno: ukisha tia tone, fumba jicho pole pole bila kukaza, kisha weka kidole kwenye ile pembe, juu ya mfupa wa pua, ubonyeze kidogo kwa dakika moja au mbili. Usiliguse jicho lenyewe. Dawa inabaki jichoni inapotakiwa, na kooni haifiki ila kidogo sana au haifiki kabisa. Anayehofia saumu apate nini tena zaidi ya hapo? Hospitali tunaifundisha hii hata kwa wasiofunga.

Na lile la matone manne kwa mpigo halina faida yoyote. Jicho la mtu linashika kama mikrolita 30 tu, na tone moja la chupa ni kati ya 30 na 50. Yaani tone moja tayari limezidi. La pili linaosha la kwanza na kumwagika shavuni, umepoteza dawa na pesa. Kama una chupa mbili, tia moja, ngoja dakika tano, ndipo utie ya pili. Kama kuna dawa ya kupaka, ile ya tyubu, iwe ya mwisho. Chupa iliyoandikwa itikiswe, itikise, kwani dawa imelala chini na juu ni maji.

Sasa nakusemesha wewe kijana, maana bibi yako mikono inatetemeka na haoni vizuri, wewe ndiwe utakayemtilia. Nawa mikono kwa sabuni. Mlaze au aegemee nyuma atazame juu. Vuta kope la chini kidogo lifanye kama mfuko, dondosha humo. Mdomo wa chupa usiguse jicho, wala kope, wala kidole chako, wala shuka. Ukigusa umepeleka viini ndani ya chupa, na kila siku utakuwa unamtilia viini hivyo hivyo juu ya kidonda. Marekani mwaka 2023 matone ya macho yaliyochafuka yalileta ugonjwa kwa watu 81, wanne wakafariki na 14 wakapoteza uwezo wa kuona. Yale yalihusishwa na kiwanda, lakini mkono mchafu nyumbani hauko mbali na hayo. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Chupa nyingi hazifai kupita siku 28 tangu kufunguliwa, hata kama imebaki nusu. Na chupa ya bibi ni ya bibi, usimtilie mdogo wako mwenye macho mekundu.

Mara nne kwa siku mnaweza kuzifungamanisha na swala: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya kufuturu, na mkitoka tarawehe kabla ya kulala. Kama daktari ameandika mara sita, muulizeni azipange. Ile ya kutuliza uvimbe kwa kawaida hutumika kama wiki nne na hupunguzwa kidogo kidogo. Ukiikata ghafla uvimbe waweza kurudi, kama ulivyomrudia yule mama.

Hapa nitasimama kidogo. Dawa hii ya kutuliza uvimbe ni steroidi, na mjini kwetu mtu aingia kemisti na kusema "macho yananiwasha", anatoka nayo bila karatasi ya daktari. Nakuru wasema jina lake ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, na jiji tumekuwa tangu Desemba 2021 lakini vumbi hatujaliacha. Macho ya watoto yanawasha kila kiangazi. Steroidi inaondoa mwasho siku hiyo hiyo, kwa hiyo mama anarudia, chupa baada ya chupa, miezi. Ndani kwa ndani inapandisha presha ya jicho bila maumivu, na mshipa wa kuonea ukisha kufa haufufuki. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo. Na ndugu zetu wa Njoro na Molo, jani la mahindi likikukwaruza jicho usiitie kabisa. Kidonda hicho huweza kuwa na kuvu, na steroidi inakilisha. Maziwa ya mama, asali, chai na maji ya majani pia msitie. Asali inywe.

Wudhu: maji ya bomba yasiingie jicho lililopasuliwa mpaka daktari aruhusu. Oshwa palipo pazima, na sehemu iliyokatazwa ina tayammamu, sheikh atakuelekeza namna. Sijda vilevile, muulize daktari. Akikukataza kuinama siku za mwanzo, swali kitini kwa ishara.

Dalili za kukimbilia hospitali ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaoongezeka, usaha, au kuona kunakofifia. Ugonjwa mbaya wa viini ndani ya jicho ni nadra, lakini mara nyingi hutokea wiki ya kwanza na huharibu jicho kwa saa, si kwa siku. Usingoje futari. Usingoje Jumatatu. Hospitali kuu ya kaunti, ile wazee bado waiita PGH, ina kliniki ya macho, na usiku nenda kwa dharura useme nilipasuliwa jicho tarehe fulani.

Baada ya mazungumzo msichana mmoja aliniuliza, nyanya yake alipasuliwa wiki iliyopita, je, siku ya Idd apakwe wanja? Nikamwambia jicho zima mpake upendavyo. Lile lingine mpaka daktari aseme, na kijiti kiwe kipya.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum.