MAFUTA YASIYORUDI KATIKA MTAMBO WA CHIPSI
(Maneno ya ndugu mmoja wa reli kwa wanachama wa kantini na hoteli)



Mimi si mpishi, ni mtu wa karakana, lakini pampu ni pampu. Nimeombwa niseme juu ya mitambo ya kukaangia yenye chujio chini yake, maana inawasumbua wengi, na wengine hukatwa mshahara kwa mafuta yaliyoharibika.

Njia ya mafuta ni hii. Mnazima moto kwanza, mnafungua koki, mafuta yanashuka siniani, yanapita katika karatasi ya kuchujia, kisha pampu inayavuta na kuyarudisha juu. Basi yasiporudi, sikilizeni pampu.

Ikiwa imenyamaza kabisa, mara nyingi imejizima kwa joto. Zima swichi, iache ipoe, ndipo ubonyeze kidude cha kuiamsha. Ikijizima tena, usishindane nayo. Pengine mafuta yameganda bombani, hasa yale ya kipande. Yachujwe yangali moto, wala yasilale siniani usiku kucha.

Ikiwa inanguruma na mafuta yanarudi kidogo kidogo, karatasi imeziba. Kwangua makombo, weka nyingine. Wako wanaotia unga wa kuchujia mara mbili wakidhani mafuta yatang'aa zaidi. Huo unaziba tu. Yakirudi pamoja na makombo, karatasi ilitandikwa imekunjamana, makombo yakapita kando.

Mapovu mengi tangu mwanzo ni hewa. Sisi wa dizeli twaijua: hewa ikiingia katika bomba la mafuta, injini hukohoa hata kama tangi limejaa. Tazama pete ya mpira katika mdomo wa bomba, huenda imechanika au haipo kabisa, au sinia haikusukumwa mpaka mwisho. Mapovu ya mwishoni, sinia ikiwa tupu, si ubaya.

Sasa maji, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Sinia ikioshwa ikaushwe kabisa. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na mafuta haya yana 150 na zaidi. Lita 1 ya maji hutoa mvuke wa lita 1,700 hivi. Mafuta hufurika yakamwagika juu ya miguu ya mtu. Glavu, aproni na miwani ni kazi ya tajiri kuvitoa bila malipo, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Na mshahara? Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa makusudi ya mfanya kazi. Pete iliyochakaa si makusudi ya mtu. Mkiomba pete mpya, andikeni katika daftari mliomba lini na nani alipokea habari, ili mwakilishi wenu asiingie ofisini mikono mitupu. Andikeni tarehe na saa. "Juzi juzi" haitoshi.