Haraka Huandaliwa Kabla ya Dharura



Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Usemi huo una busara yake, lakini nchi inaposhambuliwa, siku moja ya kuchelewa huweza kuugharimu mji mzima. Ndiyo maana mataifa mengi yameunda vikosi vya dharura, yaani askari walio tayari kuondoka kambini mara tu amri itolewapo. Swali linalompasa Mwafrika ni hili: haraka hiyo hutoka wapi, na ni mali ya nani?

Ni dhahiri kwamba ushujaa peke yake haumfikishi askari vitani. Huhitaji ndege za mizigo, mafuta, risasi, chakula, dawa, mawasiliano na uwanja wa kutua. Zaidi ya hayo, lazima pawepo mwenye mamlaka ya kuamua na fedha za kutekeleza uamuzi huo. Yote hayo huandaliwa miaka mingi kabla ya dharura.

Tanganyika ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Tarehe 25 makomando wa Uingereza waliokuja kwa manowari ya Centaur kutoka Aden walishushwa kwa helikopta na kuwanyang'anya waasi silaha. Serikali ndiyo iliyoomba msaada huo. Lakini kwa nchi iliyopata uhuru mwaka 1961, kumwita mkoloni wa jana ilikuwa fedheha. Mwalimu Nyerere hakuificha. Aliitisha mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Dar es Salaam, na baadaye askari wa Nijeria wakashika nafasi ya Waingereza. Mwezi Septemba mwaka huo huo likaundwa Jeshi la Wananchi.

Takriban miaka 50 baadaye Mali ilipatwa na mkasa wa aina hiyo. Desemba 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha jeshi la Afrika liende huko, lakini maandalizi yalitazamiwa kuchukua miezi mingi. Tarehe 10 Januari 2013 mji wa Konna ulitekwa. Siku iliyofuata, kwa ombi la Serikali ya Mali, Ufaransa ilianza kushambulia. Haikuwahi kwa kuwa askari wake ni hodari kuliko Waafrika. Iliwahi kwa kuwa ndege na askari wake walikuwa tayari katika ardhi ya Afrika, N'Djamena na kwingineko. Mwaka 2022 askari wake wa mwisho waliondoka Mali, uhusiano ukiwa umekwisha kuharibika. Nguo ya kuazima haisitiri.

Si kwamba Afrika haina mpango. Sera ya Kikosi cha Akiba cha Afrika ya mwaka 2003 inaagiza kwamba panapotokea mauaji ya kimbari, askari wafike katika siku 14. Lakini hebu itazamwe Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mji wa Palma ulivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Askari wa Rwanda walianza kuingia Msumbiji tarehe 9 Julai, na wa SADC, wakiwamo Watanzania, siku chache baadaye: zaidi ya siku 100. Hapakukosekana wanajeshi. Serikali ya Msumbiji ilisita kupokea majeshi ya nje, vikao vikafuatana, na fedha zikawa haba. Wakati huo maelfu ya wananchi walikuwa porini, wengine wakikimbilia mpakani. Na fedha zilipopatikana, sehemu yake ilitoka Ulaya.

Kwa hiyo, ndugu, jambo hili si la majenerali peke yao. Mhasibu anayehakikisha mchango wa nchi unalipwa kwa wakati, mtunza ghala ambaye hesabu ya vifaa vyake ni ya kweli, mwanasheria anayeandaa mikataba ya kuvuka mipaka kabla haijahitajika, na mwalimu anayewafundisha vijana kwamba usalama wa jirani ni usalama wao, wote wamo katika safu ya kikosi cha dharura. Wasipotimiza wajibu wao wakati wa amani, siku ya hatari uamuzi utakuwa mikononi mwa mwenye ndege, naye ataufanya kwa masilahi yake.