Mvula ya mlimani, maji ya kwetu



Redio ikitangaza mvula kubwa Kivu ya Kusini, inasema juu ya eneo pana. Haiwezi kutaja mto gani utajaa. Hapa Uvira, mito ya Mulongwe na Kalimabenge inashuka kutoka milima ya karibu. Mvula ikinyesha kule juu, maji na mawe vinatufikia upesi, hata kama kwetu ni kukavu. Tuliona Mulongwe ikibomoa nyumba Aprili 2020. Kule Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, maji yalikuta watu wa Nyamukubi siku ya soko. Kalehe ilipoteza watu zaidi ya 400.

Wengi wetu tuliorudi tulipata parseli kando ya mto, sababu bei ni kidogo. Basi, tangazo la redio ni la kujitayarisha. Simu ya ndugu wa mlimani ndiyo ya kukimbia. Wafadhili, tunaomba unite za simu kwa hao ndugu, na filimbi kwa kila avenue ya kando ya mto. Wanamemba, filimbi ikilia usiku, tusirudie sufuria. Tubebe watoto, tupande juu.